Taa ya Makaburini

Kila Jumamosi Jagoda alifagia ngazi, akamenya viazi, kisha akampelekea bibi yake chai yenye limau. Akimaliza, alishuka mbio kwenye chumba cha chini ya nyumba. Huko, kati ya mitungi ya kabichi na matango ya chumvi, mjomba wake Witold alikuwa ametengeneza chumba cha giza cha kusafishia picha.

Mjomba Witold alipiga picha kwa kamera kubwa ya mbao. Filamu za dukani hakuzitaka. Alitumia filamu za eksirei, zile za kupigia picha za mifupa, alizopewa wakati zahanati moja ilipofungwa. Watu wa mji wao wa Sandomierz walimtania: "Witold, utanipiga uso au mbavu?" Naye aliwajibu kwamba mbavu zao zilikuwa na sura nzuri zaidi. Jagoda, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimpenda mjomba huyu kuliko watu wote, ukimtoa Bibi Stefania.

Mwezi wa Machi, balbu nyekundu ya chumba cha giza iliungua. Ilikuwa balaa, maana filamu ile haivumilii mwanga wa kawaida hata kidogo. Kuna mwanga mwekundu fulani tu ambao haiuoni, na bila huo mtu hufanya kazi kwa kupapasa.

"Mjomba, si tuna taa za makaburini?" Jagoda alisema. Kabatini zilibaki taa za vioo vyekundu ambazo kila familia huwasha makaburini Siku ya Watakatifu Wote. "Tunaweka balbu ndogo ndani ya kioo, basi!"

Mjomba alikigeuzageuza kioo mkononi. "Labda. Lakini si kila chekundu ni salama. Lazima tuijaribu kwanza. Gizani, weka kipande cha filamu mezani, juu yake weka sarafu, washa taa, subiri dakika tano. Halafu kisafishe kwenye dawa. Kikitoka kiangavu chote, taa ni salama. Kikiwa cheusi ukaona duara la sarafu, taa hiyo ni mwizi. Itupe."

Bibi alikuwa akisikiliza juu ya ngazi. "Mnaniwashia taa ya kaburi na mimi bado nakula?"

"Bibi, hii ni ya sayansi!"

"Sayansi ya wafu hiyo," alijibu, akarudi kwenye chai yake.

Wiki hiyohiyo daktari aliamua kwamba Bibi apasuliwe moyo, katika hospitali ya mji mwingine. Yeye aliyekimbia kamera maisha yake yote, sasa aliomba mwenyewe kupigwa picha.

"Ya kuweka kwenye jiwe langu la kaburi," alisema. "Nawajua nyinyi. Nikifa mtaweka ile ya kitambulisho, nimekunja uso kama niliyeumwa na nyigu."

"Mama, nani kasema unakufa?" Witold alimuuliza mama yake.

"Hakuna aliyesema. Nipige nikiwa nacheka."

Akafunga kitambaa chake cha kijani, akakaa dirishani. Witold alipoingiza kichwa chini ya nguo nyeusi ya kamera na kukwama humo, Bibi alicheka kicheko cha kweli, meno yote nje. Zikapigwa filamu mbili.

Kesho yake mjomba alimpeleka hospitali. "Jagoda, leo uijaribu ile taa," alisema akiwasha gari. "Nikirudi tunasafisha picha."

Jagoda alitoa sarafu ya zloti akaiweka mezani. Alikuwa anatafuta chupa ya dawa, ambayo hunuka vibaya, Radek wa jirani alipogonga dirisha.

"Jaga, toka! Theluji inayeyuka, kesho ni matope tu!"

Jagoda aliitazama taa. Ilikuwa nyekundu kabisa. "Nyekundu ni nyekundu," alijiambia, akachukua sleji yake ya kutelezea thelujini akaenda.

Mjomba alirudi alasiri. "Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Duara?"

"Hakuna."

Wakashuka. Chini ya mwanga wa kioo chekundu, ndani ya dawa, picha ilianza kujitokeza: kitambaa, kisha meno ya kicheko. Jagoda alitabasamu. Halafu filamu ikaanza kuwa kijivu, ikazidi kuwa nyeusi, na Bibi akapotea humo mbele ya macho yao. Ya pili nayo ikawa vilevile.

"Filamu zimezeeka," mjomba alisema kwa huzuni. "Si kitu. Mama akirudi, atakaa tena."

 Jagoda angeweza kusema palepale, lakini aliinama kufunika chupa ya dawa.

Bibi hakurudi. Moyo wake ulisimama siku chache baada ya upasuaji.

Baada ya mazishi, fundi wa mawe aliomba picha ya kuchapa kwenye kibao cha kauri. Mama yake Jagoda alifungua mkoba, akatoa kitambulisho. Na ndiye huyo Bibi, amekunja uso kama aliyeumwa na nyigu.

"Sikuijaribu!" Jagoda alipiga kelele. "Mjomba, ile taa sikuijaribu! Nilikwenda kuteleza!" Alilia mpaka fundi akaweka patasi chini.

Witold hakumgombeza. Hakumwambia neno lolote mpaka Jumamosi, na ukimya ule ulimuuma Jagoda kuliko kiboko. Jumamosi alisema neno moja tu: "Shuka."

Safari hii Jagoda alifanya kila kitu mwenyewe: filamu, sarafu, dakika tano, dawa. Kipande kilitoka cheusi, na katikati yake duara angavu la zloti.

"Filamu hazikuzeeka," mjomba alisema. "Zilikuwa nzima."

Wakajaribu taa ya rangi ya chungwa, ikaacha duara. Mwishowe wakajaribu balbu ya wekundu mzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande kikatoka kiangavu chote, bila alama. Taa salama ilikuwa imepatikana, na hakuna aliyefurahi.

Siku ya Watakatifu Wote walikwenda makaburini pamoja na mji mzima. Jagoda alikuwa amebeba kile kioo chekundu, sasa kina mshumaa ndani. Akakiwasha mbele ya jiwe.

"Hapa ndipo mahali pake," mjomba alisema. Alichuchumaa karibu naye. "Sikiliza. Kioo hiki hupitisha mwanga wa kijani na njano kidogo, filamu inauona, jicho lako haliuoni. Kutojua hilo si kosa. Hata mimi sikujua, ndiyo maana nilikuuliza. Mtu akikuuliza kama umepima, anafuata neno lako kama kipofu. Kama hujapima, sema hujapima. Utagombezwa kidogo, yataisha."

"Umenisamehe, Mjomba?"

"Nimekusamehe zamani. Lakini kicheko cha mama yangu sina."

Jagoda alitoa leso, akafuta kibao cha kauri taratibu. Bibi aliendelea kuwakunjia uso.