Jina Lililobisha Mchana

Nyawira hakuwa na ufunguo wa nyumba. Hakuwa na simu, wala kaka, wala dada wa kushinda naye likizoni. Hakuwa na nyanya wa karibu, kwa maana nyanya yake alikuwa mbali, Nyeri. Lakini upungufu huo wote ulikuwa mzigo mwepesi. Kilichomlemea ni kwamba hakuwa na moyo wa kusema jambo ambalo watu wangelicheka.

Moyo huo alikuwa nao zamani. Ulimtoka muhula uliopita, alipopiga mayowe darasani kwamba nje kuna mtu asiye na kichwa, na darasa zima likatoka mbio kwenda kutazama shati lililoanikwa kwenye ua. Tangu siku hiyo Ndolo, mwenzake wa darasa la saba, alimwita Mama Mizimu.

Kwa hiyo kila asubuhi ya Desemba Nyawira aliandamana na mama yake, Waruguru, hadi kazini mjini Kitengela. Waruguru alikuwa katibu wa shirika dogo la afya lenye zahanati kule Kisaju na Oltepesi. Ofisi ilikuwa juu ya hoteli ya Mukai, mamake Ndolo, na harufu ya mandazi ilipanda ngazi kabla ya wafanyakazi. Nyawira alipewa meza katika chumba cha nyuma. Huko ndiko ilikokuwa seva, mashine kuukuu iliyopokea na kutuma barua pepe za shirika kwa miaka mingi. Ilikuwa na rangi ya majivu, nayo ilinguruma polepole kama mtu aliyelala na mafua. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la kazi la marehemu Mzee Wasike, aliyekuwa fundi wa mashine hiyo. Alifariki wakati wa mvua ndefu, na hakuna aliyethubutu kuliondoa koti hilo.

Jumatatu moja fundi mpya, Gitonga, aliingia chumbani akipangusa jasho.

"Mama Nyawira, tumemaliza. Barua zenu zote sasa ziko kwa mashine za kampuni kubwa, mnazisoma kupitia mtandao. Watu huita wingu."

"Na huyu mzee?" Waruguru aliuliza, akiitazama seva.

"Huyu tutamstaafisha. Lakini mtu hafungi duka kabla ya kuona kama wateja bado wanabisha." Alimgeukia Nyawira. "Niko na kazi yako, katibu mdogo. Sehemu ya kuandikia wapitaji imejaa, kwa hivyo haiandiki tena nani amepita. Inaonyesha jina kwa skrini tu, halafu linafutika. Ukiona jina lolote, niambie Ijumaa. Usipoona, nitaizima."

"Sawa, Anko."

Siku hiyo skrini ilibaki nyeusi. Jumanne mchana, jua lilipokuwa likichemsha mabati ya mji, ngurumo ya mashine ilibadilika kama mtu anayesafisha koo. Nyawira aliinua macho kutoka kwenye hesabu zake. Mstari mmoja mweupe uliandikwa polepole.

*Kutoka: E. Wasike. Kwa: Waruguru. Imepokelewa.*

Kisha ukafutika.

Nyawira alisukuma kiti nyuma. Alilitazama koti nyuma ya mlango. Hapakuwa na upepo, nalo halikutikisika, lakini aliona mabega yake yamejaa kama ya mtu. Alimkumbuka mzee huyo akimgawia njugu karanga, akimwuliza kwa upole kama amesoma. Alimkumbuka pia ndani ya jeneza, kabla ya safari ya kwenda kuzikwa kwao Kimilili.

Jumatano, wakati wa joto kali, jina lilirudi. Mashine ilisafisha koo, mstari ukaandikwa. Nyawira alifungua kinywa kumwita mama. Papo hapo Ndolo akaingia na sinia ya chai.

"Mama Mizimu, mbona umekauka hivyo? Umeona mtu hana kichwa?"

"Weka chai uende."

"Leo hana miguu, ama?"

Nyawira alifunga kinywa. Alhamisi jina lilikuja mara mbili. Alijifunika uso kwa kitabu asilisome.

Ijumaa asubuhi Gitonga alifika. "Haya, katibu mdogo. Nani amebisha?"

"Hakuna, Anko."

"Hata mmoja?"

Nyawira hakulitazama koti. "Hata mmoja."

Gitonga alibonyeza kitufe. Ngurumo ilipungua, ikakatikakatika, ikanyamaza. "Jumatatu nitaileta drili nitoboe diski, mtu asije akasoma barua za wagonjwa," alisema.

Nyawira alidhani kimya kingempa amani. Wapi! Jumapili kanisani alisikia ngurumo ile ndani ya kinanda. Jumatatu alipoketi katika chumba cha nyuma, kimya kilikuwa kizito kuliko sauti. Joto lilipoanza kupanda aliikodolea macho skrini iliyokufa, na wazo moja likamshika: mlango umefungwa, lakini anayebisha hajui. Bado yuko nje, anabisha.

Gitonga alikuwa amekwisha kuitoa drili, na Ndolo alikuwa mlangoni na sinia yake, amekuja kutazama. Drili ililia. Nyawira alisimama.

"Anko, usitoboe. Nilikudanganya. Kuna jina lilikuja."

Drili ilinyamaza. "Jina gani?"

"Mzee Wasike. Alikuwa anamwandikia mama. Kila mchana."

Ndolo aliangua kicheko. Waruguru, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yake, hakucheka. "Ndolo, mrudishie mamako sinia," alisema taratibu. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini.

Gitonga naye hakucheka. Aliiwasha mashine, akafungua sanduku la zamani la barua za Waruguru, lile ambalo hakuna aliyelisoma tena. Barua zilikuwamo, zote zikiwa na maneno yale yale:

*Mama Nyawira, habari ya kazi. Friji ya chanjo ya Oltepesi imeanza kupata joto. Tafadhali mjulishe nesi aangalie mlango. Ni mimi, Wasike.*

Waruguru alifunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa sauti ya Wasike kabisa.

"Aliweka kifaa cha kupima joto kwa ile friji," Gitonga alisema, akijipiga paji la uso. "Akakifundisha kuandika joto likipita kiasi, kwa jina lake na maneno yake. Sisi tulihamisha watu, tukasahau vyombo. Hicho kifaa kinajua njia ya hii mashine tu."

Waruguru alikuwa amekwisha kupiga simu, akisalimia kwa Kimaasai. "Sopa, Nalangu."

"Epa, Mama Nyawira," nesi wa Oltepesi aliitikia.

"Friji ya chanjo iko aje?"

"Mimi huipima asubuhi na jioni. Iko sawa tu."

"Hebu pima sasa."

Walisikia ndara zikiburutwa sakafuni, kisha mlango wa friji ukifunguliwa. Nyawira alishika ukingo wa meza.

"Uui. Imepanda sana. Mpira wa mlango umeachia, na jua la mchana linagonga huo upande. Chupa za juu alama za joto zimeanza kugeuka rangi. Na kesho ni kliniki, akina mama wanatoka mbali na watoto."

"Za chini je?"

"Za chini ziko salama. Nazihamisha kwa boksi la barafu saa hii."

Jioni hiyo chanjo nyingine zilitoka Kisaju, na zilizoharibika zikatengwa. Siku ya pili hakuna mtoto aliyedungwa dawa isiyomkinga.

Waruguru alimketisha binti yake chini ya lile koti. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Wewe umefichua kabla ya kilio, na kwa hilo nakushukuru. Lakini kidogo tu tungechelewa. Uliambiwa useme ulichokiona, mami, si ulichokielewa. Kuelewa ni kazi yetu sote. Anayekucheka atachoka. Ukweli uliofichwa hauchoki, unaendelea kuharibu."

Gitonga alikionyesha kifaa njia mpya. Alipouliza aweke jina la nani, Waruguru alimwambia aache lililokuwapo. Kisha seva ikazimwa, na safari hii kimya chake kilikuwa kimya tu.

Kabla ya kutoboa diski Gitonga alikuwa amechapisha barua moja ya Wasike. Nyawira aliandika nyingine kwa mkono wake, kwa Mama Naliaka, mjane wa Mzee Wasike, huko Kimilili. Alimweleza kwamba mumewe alikuwa bado akiwalinda watoto wa Oltepesi, na kwamba yeye, Nyawira, aliliona jina lake likibisha lakini hakumwambia mtu, akaomba radhi. Aliziweka zote mbili katika bahasha. Katika posta ya Kitengela, mama yake akiwa kando, alilamba gundi, akaibonyeza bahasha kwa kidole gumba toka pembe hadi pembe, akaitumbukiza. Ilianguka ndani ya sanduku kwa mlio mdogo, kama wa mtu aliyebisha mara moja tu, akafunguliwa.