Jani la Isale Kwenye Kikapu cha Zawadi

Kila jioni Uwesu akirudi kutoka gereji alijiuliza swali moja: leo nitakaa wapi?

Nyumba yao iko Olasiti, Arusha. Chumba cha mbele kilijaa biashara ya mke wake, Mwamvua. Kwenye kochi kulikuwa na vikapu. Kwenye meza kulikuwa na riboni. Mwamvua alitengeneza zawadi. Ndani ya kikapu aliweka kahawa, asali, sabuni na kanga, kisha akafunga vizuri. Watu walinunua mara moja. Mara ya pili hawakurudi.

Siku moja Uwesu alikaa bila kuangalia. Kitu kikavunjika. Chumba kizima kikanukia waridi.

"Mama Swabaha, nimechoka!" alisema akijipangusa suruali. "Gereji wananiita bwana harusi kwa manukato haya. Kuna mwalimu anatafuta chumba. Mwezi ukiisha bila mteja hata mmoja kurudi, nampangisha hiki."

Mwamvua akaokota vipande vya chupa ya manukato. Aliipenda sana kazi ile.

Kesho yake akaja Reginald, fundi umeme wa mtaa wa pili. Alitaka zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mke wake, Sabina.

"Unapenda rangi gani, baba?" Mwamvua aliuliza.

"Yoyote tu, mama."

Mwamvua akapanga kikapu. Akaona kimekosa kijani. Kwenye uzio wa jirani kulikuwa na mmea wenye majani marefu. Mwamvua ni mzaliwa wa Tanga, akaona ni urembo tu. Akachuma jani moja, akalifunga fundo juu ya kikapu. Likapendeza kweli.

Asubuhi iliyofuata Reginald alirudi mbio.

"Mama Swabaha, umeniponza! Kwa nini uliweka isale?"

"Isale ndiyo nini?"

"Jani lile! Sisi Wachaga, mtu akikukosea anakuletea isale kuomba radhi. Sabina alipoliona tu, akakaa chini. Akaniambia, 'Haya, Reginald, sema. Umefanya nini?'"

"Si ungesema hujafanya kitu?"

"Nilisema! Akanitazama tu. Mama, macho yale unayajua? Nikaogopa, nikakiri habari ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Reginald akainamisha kichwa. "Mbuzi wake. Nilimwambia ameibwa. Kumbe tulimchoma na wenzangu."

Mwamvua alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mteja mwingine amepotea, na mwezi unakwisha.

Jirani akamshauri aende ofisi ya kata. Kila Jumatano anafika mshauri wa biashara ndogo, dada mmoja anayeitwa Evaresta. Ushauri wake ni bure.

"Shikamoo, mama," alisema Evaresta.

"Marahaba, mwanangu. Nimevuruga nyumba ya watu kwa jani la isale."

Evaresta, ambaye pia ni Mchaga, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, kabla ya kufunga zawadi, unamuuliza mteja maswali mangapi?"

"Moja. Rangi."

"Basi unafunga zawadi unayoipenda wewe. Uliza zawadi ni ya nani. Ni ya shughuli gani? Mpokeaji anapenda nini, na nini hapendi? Inatakiwa siku gani? Ukimaliza, mtumie mteja picha kwanza. Akikubali, ndipo ipelekwe."

"Na wale walioondoka?"

"Wapigie. Waulize kwa nini hawakurudi."

"Watanitukana!"

"Watakufundisha, mama."

Mwamvua alipiga simu. Anaeli alisema sabuni yenye manukato ilimkohoza mama yake. Prisca alisema kikapu cha kipaimara kilifika Jumatatu, na kipaimara kilikuwa Jumapili. Mwamvua akaomba radhi, akaandika yote kwenye daftari.

Kisha akafanya mazoezi na mumewe.

"Karibu, baba. Zawadi ni ya nani?"

"Ya mke wangu," alisema Uwesu.

"Anapenda nini?"

Uwesu akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama dari.

"Baba Swabaha, tuna miaka kumi na minne kwenye ndoa!"

"Andika, anapenda kuuliza maswali."

Wakacheka wote wawili. Lakini usiku huo Uwesu alisogeza vikapu polepole, asivunje kitu.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, Prisca alirudi. Safari hii aliulizwa maswali yote, akaona picha, na zawadi ikafika mapema. Akamleta Anaeli. Siku ya mwisho akaja Sabina mwenyewe.

"Nataka vikapu sita vya akina mama wa kanisani," alisema. "Na kimoja chenye isale, kaka yangu ampelekee mkewe. Naye ana jambo analificha."

Mwalimu alipokuja kuona chumba, alikuta wateja watatu wamekaa. Uwesu alikuwa amesimama katikati, daftari mkononi.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Chumba kimepata kazi. Mke wangu anakihitaji."

Mwalimu akatazama vikapu. "Vizuri sana hivi. Mama yangu angefurahi kupata kimoja."

"Karibu ukae!" Uwesu akamsogezea kiti, akaandaa kalamu. "Mama anapenda nini?"

Mwalimu akafikiri, akakuna kichwa.

"Usione aibu," Uwesu akamnong'oneza. "Hata mimi nilishindwa. Mpigie simu umuulize. Tunasubiri."