Kurasa Alizoziruka Ghislaine

Rafiki yangu Ghislaine alihudumia wazee majumbani kule Hässelby, mji wa kaskazini ya mbali. Kila alasiri alimsomea bibi mmoja kipofu riwaya ya zamani, akiruka kurasa ili awahi tamthilia yake ya upelelezi. "Haoni, atajuaje?" aliniambia akicheka.

Jumapili muuaji wa tamthilia akajulikana: kipofu, aliyemuua mtumishi wake mwongo.

"Ajabu," Ghislaine akasema. "Hata ile riwaya ina kipofu na mtumishi. Mwisho wao niliuruka."

Kesho yake saa tisa alasiri, giza la mapema la Desemba ya kule likiwa limeshaingia, alifungua mlango wa bibi tukiongea kwa simu. "Mbona taa zimezimwa?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Bibi akaanza kusoma: mtumishi anaingia, mlango unajifunga.

Komeo likalia. Nikamwita Ghislaine, kimya. Bibi alisoma mpaka mwisho, bila kuruka ukurasa.