Injini Chini ya Kitanda

Injini ilikuwa na joto. Ilikuwa imelala juu ya tairi kuukuu chini ya turubai tangu juzi, haina betri, haina tone la dizeli, na mvua ya Tunduma ilikuwa imelilowesha turubai lote; hata hivyo Enoka alipoiwekea kiganja alikuta joto kama la paji la uso la mgonjwa.

"Ina homa?" akauliza Ferista, mkewe, amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo lake kubwa. "Ipe vidonge, inywe na chai. Mimi hujanishika hivyo tangu Pasaka."

Enoka akacheka, lakini kiganja alikifuta kwenye suruali.

Gari lililoingojea injini ile lilikuwa gari la kulala, la zamani, lililoachwa na wageni wa Ulaya waliokwama wakielekea Zambia. Lilikuwa na kitanda, kabati na jiko dogo. Injini yake iliyokufa ilikaa nyuma, chini ya kitanda chenyewe. Ferista alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa njiani kabla ya kufika hospitali. Enoka alitaka wa tatu asizaliwe vumbini. Ferista asafiri amelala. Hilo tu ndilo alilolitaka, nalo lilikuwa jema. Lakini mwanadamu hulibeba jema lake kwa mikono michafu, kisha hushangaa linaponuka.

Kwa maana injini hiyo aliing'oa katika basi dogo lililopinduka mteremkoni karibu na Nanyala na kumuua dereva wake, kijana aliyeitwa Lusubilo. Mabaki yaliburutwa hadi gereji ya Enoka. Na katika gereji ile palikuwa na desturi ambayo hata walevi waliiheshimu: gari lililoua mtu haliguswi kwa spana mpaka ndugu waje, walioshe kwa maji, wamwite marehemu wao kwa jina, waondoke naye. Enoka hakungoja.

Mama yake Lusubilo alipofika kutoka Galula kwa pikipiki, ndoo mapajani, aliuliza neno moja.

"Mwanangu, kuna kitu kimetolewa humu?"

"Hapana, mama. Lilikuja hivi hivi."

"Kweli?"

Enoka akainua mkono wa kuume, injini ikiwa nyuma yake chini ya turubai, akaapa kwa jina la Mungu aliye hai. Yule mama akaliosha ganda tupu, akamwita mwanawe, akaenda zake akilia.

Wafu wamo mikononi mwa Bwana, hawatangatangi. Lakini damu isiyoliliwa hulia, na jini huisikia kama fisi anusavyo mzoga. Likaja, likakuta nyumba imefagiwa, na mlango umefunguliwa kwa kiapo cha uongo.

Injini haikuwa ya gari lile. Enoka alikata sakafu, akachomelea vishikizo vipya, akafunga rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, mahali pasipowahi kuwa na rejeta, akapunguza mbao za kitanda ili feni ipate nafasi. Adhuhuri ya siku aliyomaliza alipeleka mkono kukaza mkanda wa feni, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Feni ikazunguka. Vidole viwili viliruka vikagonga bati. Kisha injini ikazima yenyewe, taratibu, kama mtu aliyekwisha kumeza.

"Ni bahati mbaya," alinong'ona, Ferista akimfunga kitambaa.

"Na hiyo bahati ilitumia ufunguo gani, baba?"

Toka hapo gari likanuka nywele zilizoungua. Enoka akang'oa betri. Asubuhi moja Ferista alipanda kunyoosha mgongo juu ya kitanda kile, na Enoka, aliyekuwa uani, akasikia injini isiyo na betri ikiunguruma, akakimbia, akakuta mbao zimepasuka na mkanda umeinasa kanga ya mkewe, unaizungusha, unamvuta chini shibiri kwa shibiri, naye ameushika ukingo wa dirisha mpaka kucha zinang'oka, damu inamchuruzika hadi viwikoni, mvuke wa rejeta unambabua mapaja, na kinywa chake, kinywa kilekile kilichokuwa kikimtania, kinatoa sauti nzito ya kiume isiyo na haraka yoyote: "Apa tena, Enoka. Kiapo chako ni kitamu."

Enoka akaikata kanga kwa kisu. Lakini hakuweza kumwinua. Ilikuwa kama kuinua nyumba.

Ezron, kaka yake Ferista, mwinjilisti, aliyeitwa na majirani, alifika akiomba kwa sauti kuu, na sauti ile ya kiume bado ikimwita Enoka. Mlango wa gari ukajifungua kwa kishindo ukampiga mdomoni. Akaanguka, akatema meno mawili, akatambaa hadi kwa Enoka.

"Shemeji," alinong'ona, "mbona linakuita kwa jina? Umeficha nini?"

Enoka akamwambia. Ezron akampiga kofi moja, kisha akamkumbatia wakalia wote wawili. Ndipo akapanda pikipiki kwenda Galula.

Jua lilikuwa likishuka mama yake Lusubilo alipoingia na ndoo ileile.

"Sikuja kwa ajili yako," akamwambia Enoka. "Nimekuja kwa ajili ya tumbo hili. Rudisha neno lako kwanza."

"Nilikudanganya, mama. Kwa jina la Mungu, nilikudanganya."

Injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Mama akaikumbatia kwa mikono miwili, ngozi ikambanduka, asiitoe mikono. Akamwaga maji. "Lusubilo, baba, twende nyumbani." Chuma kikapasuka, kipande kikapita karibu na sikio la Ezron na kuvunja kioo, kisha kimya, na katika kimya hicho Ferista akalia kwa sauti yake mwenyewe, uchungu ukamshika, akamzaa mtoto hai juu ya mbao zilizovunjika, katika gari ambalo halikusogea hata hatua moja.

Injini wakaizika. Siku ya kumweka mtoto wakfu, mchungaji alimtaka baba ainue mkono na kuapa kumlea katika njia ya Bwana. Enoka hakuinua mkono, kanisa likingoja.

"Usimwapishe," akasema mama yake Lusubilo kutoka benchi la mbele, mikono yake yenye makovu ikiwa mapajani. "'Ndiyo' yake inatosha."

"Ndiyo," akasema Enoka, akamwekea mwanawe kiganja chenye vidole vitatu.

Mtoto alikuwa amelala, hana homa, anapumua vizuri. Lakini paji lake la uso lilikuwa na joto. Joto lile la chini ya turubai.