Choo Kilichosema kwa Sauti ya Mkwe

Mkojo ulikuwa haujatulia bakulini, na choo kilishaanza kuusoma. Kioteshi, kijumba cha kioo kisichozidi kiganja, kiliwapa bakteria joto na chakula, nao wakazaana kwa dakika chache kama wageni waliosikia harufu ya pilau. Mwanga ukawapitia, choo kikawataja kila mmoja kwa jina, kikachagua antibiotiki ya kuwamaliza. Taa ya mlangoni ikawaka nyekundu, ishara ya bakteria kupatikana. Mgonjwa alipokiri maumivu, kidroo cha ukutani kikatema vidonge.

Hicho ndicho kilichokuwa choo-tabibu, fahari ya Tabora, mji ambao roboti zake zilifagia barabara alfajiri huku zikiamkiana "wangaluka" kama majirani wa kweli. Aliyekibuni ni Mhandisi Luhende, mtu mwenye akili nyingi na majivuno yasiyopungua hapo. Choo kilipohitaji sauti ya kuwahoji wagonjwa, hakutafuta mtangazaji. Alitia yake mwenyewe, akisema ina utulivu. Mkewe, Nyamizi, alisema ina usingizi.

Nyumbani kwake vilikuwepo viwili. Kimoja cha familia. Cha pili cha mama mkwe wake, Bi Kamuli, pekee. Maana mkwe mwenye adabu hakalii kiti alichokalia mama mkwe wake, sembuse hicho! Kwa miaka yote ya ndoa, Luhende alimsalimu akiwa amechuchumaa, macho chini, na mengine yote yalipita kwa Nyamizi.

Mwaka mzima taa ya Bi Kamuli iliwaka nyekundu. Mwaka mzima akameza vidonge.

Luhende aliyaona majibu kwenye kioo chake cha kazini, na yalimkera kama mchanga kwenye wali. Bakteria wa aina nne kwa mpigo, chembe nyeupe hakuna. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Vita gani hivyo visivyo na askari hata mmoja? Mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi ni wadudu wa ngozi tu waliozolewa na mkojo njiani. Lakini chini yake paliandikwa: *Mgonjwa amekiri maumivu.* Basi akaliacha.

Siku moja alijaribu kupitia kwa mkewe. "Mama Kulwa, hebu muulize mama. Kweli anaungua akienda haja ndogo?"

"Angeungua asiniambie mimi binti yake?" Nyamizi alicheka. "Muulize mwenyewe. Si wewe ndiye bwana vyoo?"

"Wee! Unataka nilaaniwe?"

Wakacheka wote wawili, wakanywa chai, mambo yakaishia hapo.

Msimu wa asali ulipofika, Bi Kamuli alishikwa na homa ya kutetemesha na maumivu ya kiuno. Walimkimbiza hospitali. Safari hii chembe nyeupe zilijaa, na bakteria alikuwa wa aina moja tu, mnene wa afya. Daktari Sizya alimjaribia dawa zote zilizokuwepo. Yule bakteria hakushtuka hata kidogo.

"Mhandisi, bakteria huyu amekula dawa mwaka mzima, kwake sasa ni uji," daktari alisema. "Wale wa mwanzo hawakuwa ugonjwa. Walikuwa wapangaji wasio na neno na mtu. Vidonge viliwaua wanyonge, likabaki jambazi. Limeshaingia kwenye figo."

"Lakini alikiri maumivu! Choo hakitoi dawa mpaka mgonjwa akiri."

Daktari akamtazama Nyamizi. Nyamizi alikuwa ametoka kitandani kwa mama yake, ncha ya kanga mdomoni.

"Nimemuuliza," akasema polepole. "Hakuwahi kuungua hata siku moja."

"Sasa kwa nini aseme ndiyo?"

"Sauti ni yako, Luhende. Mkwe wake anamuuliza habari za mkojo, naye mama ameketi uchi! Anasema alijibu upesi ili unyamaze, na akaona kumwambia mkwe 'hapana' ni kukuvunjia heshima."

 

Jioni alisimama nyuma ya pazia la wodi, hatua moja toka kitandani, kwa kuwa adabu haikumruhusu kupita. Alitaka kuomba radhi na hakujua anaanzaje. Ndani, Nyamizi alikuwa akimsaidia mama yake kukalia choo-tabibu cha wodini. Hospitali hiyo ilikuwa ya kwanza kuvinunua.

"Je, Mama," sauti ya Luhende ikauliza kwa upole, "mkojo unakuunguza?"

Bi Kamuli alivuta pumzi kwa meno, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akaligeukia pazia, akaviona viatu vya mkwewe vimesimama chini yake.

"Hapana, baba," akasema. "Nimepona. Usijisumbue tena."

Kidroo cha ukutani hakikutema kitu. Juu ya pazia, taa ikawaka nyekundu.