Silinda za Marehemu Ćamil

Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Zaim Tabak alifungua sanduku la mbao kwenye karakana ya Fundi Nurija, akafunua karatasi iliyolowa grisi, akakuta ameibiwa. Badala ya silinda mbili mpya za breki alizozitafuta miezi kumi na minne, mlikuwa na zile zake kuukuu, zilizoliwa na kutu mpaka alama zake zimefutika. Mwizi alikuwa amezifunga vizuri, kila moja na karatasi yake.

Zaim alikaa chini sakafuni, na suruali yake safi. Nyuma yake lilisimama lori lake la magogo la mwaka 1962, urithi wa baba yake, limeinuliwa juu ya mawe na magurudumu ya mbele yametolewa. Ijumaa saa sita mchana lilitakiwa lifike kwa mkaguzi wa magari. Likianguka kwenye breki kwa mara ya tatu, linafutwa kwenye daftari na kuwa chuma chakavu. Hapo Zaim, na miaka yake hamsini na sita, angekwenda Austria kubeba zege na wapwa wake. Mji mzima wa Jasika ulilijua hilo, na wapo waliokuwa wameanza kumuaga.

Jasika ni mji wa watu elfu moja na vijicho elfu mbili. Ukipaka ukuta rangi, jirani anaumwa kichwa. Kwa hiyo Inspekta Senija Kulo alipoingia karakana saa tatu kasoro dakika tano, hakujiuliza nani alikuwa na sababu. Alijiuliza nani hakuwa nayo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa hapohapo, mwenye subira ya kuudhi. Alikagua kufuli kwanza. Lilikuwa zima.

"Sanduku lililetwa lini?" aliuliza.

"Jana saa sita mchana," alisema Zaim. "Nimelileta mwenyewe, kutoka kwa Bi Mevlida ng'ambo ya mlima. Mjane wa Fundi Ćamil. Marehemu alikuwa amezihifadhi tangu enzi zilipokuwa bado zinauzwa dukani, mpya kabisa."

Fundi Nurija, mzee wa miaka sitini na sita aliyelitengeneza lori hilo kwa miaka thelathini, alichukua kitambaa akaanza kuifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Baada ya hapo nani aliingia humu, Fundi?"

"Hazim," alisema Nurija. "Alikuja saa nane, akakaa mpaka alasiri, mlango wazi muda wote. Adhana ilipoita nikavuka barabara kwenda msikitini, nikamwacha peke yake humu ndani. Robo saa hivi. Sitaki kumsingizia mtu, Inspekta, lakini lori la aina hii limebaki la Zaim na la Hazim tu hapa kwetu."

"Kwa hiyo humsingizii."

"Nasema tu."

Senija alizikunjua zile karatasi. Kwenye moja marehemu Ćamil alikuwa ameandika kwa penseli "kushoto", kwenye nyingine "kulia". Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu.

"Zaim, hizi kuukuu zimekaa sawa? Ya kushoto iko kwenye karatasi ya kushoto?"

Zaim alizigeuza mkononi, akatazama tundu la kutolea upepo limeelekea wapi. "Sawasawa kabisa."

"Mimi nisingejua."

"Hakuna anayejua, ila aliyewahi kulala chini ya lori hili, au chini ya lile la Hazim."

Senija aliliandika hilo kwenye daftari lake, na saa akaiandika pembeni.

Saa nne na nusu alikuwa jikoni kwa Šefika, mke wa Zaim. Soko zima lilikuwa limemsikia Šefika, Jumamosi iliyopita, akiapa kwamba hivyo vyuma vya yule mjane atavitupa mtoni kwa mkono wake. Hakukana.

"Nimesema, na nitasema tena," alisema huku akikanda unga wa pita, ule mkate wa kujazwa viazi, kama vile umemkosea. "Safari sita, Inspekta. Safari sita kwa mjane, kwa ajili ya vyuma viwili. Mara ya kwanza kaja na jamu ya plamu. Mara ya pili kaja na soksi za sufu. Mimi mume wangu ana soksi. Mara ya tatu ananiambia, Bi Mevlida anaweka mdalasini kwenye kompoti ya matunda, mbona wewe huweki? Nikamwambia kaa hukohuko ule mdalasini."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda karakana kuwapelekea pita ya viazi. Saa nane na dakika arobaini, maana ilitoka kwenye oveni saa nane na nusu. Mlango umefungwa kwa ndani, pazia limeshushwa. Nimegonga, kimya. Nikaiacha pita dirishani nikarudi zangu."

"Fundi anasema wakati huo alikuwa ndani na Hazim, mlango wazi."

"Basi mmoja wetu ni mwongo, na mimi nina pita ya ushahidi. Muulize aliikuta wapi."

"Šefika, silinda ya breki ikoje?"

Šefika aliacha kukanda. Alionyesha kwa mikono kitu kikubwa kama tikitimaji. Senija alifunga daftari. Wivu wa huyu mama ulikuwa wa kweli na ulimtafuna kweli, lakini mwizi aliijua silinda ya kushoto na ya kulia.

Hazim alikuwa msituni akipakia magogo. Senija alimfikia saa saba na robo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kiburi, aliyewahi kuondoka kwenye arusi ya binamu yake kwa sababu aliketishwa karibu na mlango.

"Nilizitaka, ndiyo," alisema. "Zaim kapata silinda mpya na mimi naendesha kwa kumwomba Mungu. Unadhani nilifurahi? Mchana ule sikula. Nilikwenda karakana kuziona tu, kwa macho yangu."

"Ukakaa mpaka alasiri."

"Nani kasema? Nimeondoka hata saa nane na nusu haijafika. Nikarudi msituni, peke yangu, hakuna aliyeniona. Andika hivyo, unifunge."

"Nusu saa tu? Kwa nini haraka hivyo?"

Hazim alitazama pembeni. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nilichoka kukaa."

"Mligombana?"

"Hatukugombana. Kagua lori langu kama unataka."

Senija alilikagua, gurudumu kwa gurudumu, akishikiwa kurunzi na Hazim mwenyewe. Silinda zilikuwa kuukuu na zilivuja. Aliondoka pale na maneno mawili yasiyopatana, ya Hazim na ya Nurija, na hakuwa na shahidi wa tatu ila pita ya viazi.

Alhamisi saa nane mchana alirudi kwa Nurija. Kwanza alipiga simu ng'ambo ya mlima, akamwomba Bi Mevlida aje kutambua mwandiko wa marehemu mumewe. Zaim alikwenda kumpokea kituo cha basi, na Šefika akaenda naye, asiulizwe kwa nini.

Nurija alimkaribisha Inspekta kwenye kijimeza chake kando ya jiko la kuni. Akamimina kahawa. Mikono yake ilikuwa mizuri ya kazi, haikumwaga hata tone.

"Hazim anasema hakukaa hata nusu saa," alisema Senija, akapuliza kikombe chake. "Na kwa jinsi alivyolizungumza, nimepata picha kwamba hapa kwako hakupewa hata kahawa."

Alilitupa hilo ovyo, kuona tu mzee atasemaje. Hakutegemea makubwa. Lakini Nurija aliweka dele chini, uso umemvimba.

"Hakupewa? Kwangu? Nimempa zote, Inspekta. Nimempa ya kumpokea, nimempa ya mazungumzo, nimempa na sikteruša. Saa nane na nusu haijagonga alikuwa ameshamaliza zote tatu. Miaka arobaini mlango wangu uko wazi, hajatokea wa kusema Nurija ni bahili."

"Basi nimekosea, Fundi. Niwie radhi."

"Umekosea sana."

Waliongea kidogo juu ya baridi iliyochelewa na juu ya binti wa Nurija aliye Sarajevo. Akamimina cha pili. Senija aliuliza kuhusu Ćamil, na Nurija akasema walijifunza kazi pamoja, kwa fundi mmoja, hapohapo Jasika, na kwamba Ćamil alikuwa na bahati. Kisha haraka akamimina cha tatu.

Senija alikinywa, akainuka, akavuta koti lake, akafika mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye kitasa alipogundua kwamba alikuwa bado na maswali manne. Hakuna aliyemwambia aondoke. Miguu yake ilikuwa imeondoka yenyewe, kama ilivyofundishwa na mama yake tangu akiwa na miaka mitano.

Aligeuka.

"Fundi. Mimi nimesimama kwa nini?"

"Unakwenda, nadhani."

"Nani kanifukuza?"

Nurija alitazama kile kikombe cha tatu. Senija aliona anavyoelewa, na ilimuuma kidogo, maana alimpenda yule mzee.

"Mgeni akipewa sikteruša, kikombe cha kumuaga, anatoka," alisema Senija. "Mtoto anajua, mlevi anajua. Wewe unaniambia Hazim, huyu Hazim anayenuna akikalishwa karibu na mlango, alipewa kabla ya saa nane na nusu, halafu akaendelea kukaa hapa mpaka saa kumi. Angekaa vipi? Alitoka hapa amekasirika mpaka leo anaona aibu kunisimulia. Ulimmiminia zote tatu mbio kwa sababu ulitaka karakana iwe yako. Saa nane na dakika arobaini Šefika kagonga, mlango umefungwa kwa ndani."

"Ningesema alikunywa mbili tu..."

"Ungesema mbili ningekuamini. Lakini usingeweza kusema mbili."

Hapo Zaim aliingia na Bi Mevlida, na Šefika nyuma yao akimpima mjane kutoka kichwani mpaka viatuni. Mevlida alikuwa mama mnene wa miaka sitini na tano, miguu imemvimba kwa safari. Šefika alipoona miguu ile alilainika kidogo, akamsogezea kiti.

"Niambie kwamba siyo wewe," Zaim alimwambia Nurija. Alikuwa amesikia ya mwisho kutoka nje. "Fundi. Ulikuwa unajua Austria inaniita."

Nurija aliinama chini ya benchi, akatoa ndoo ya grisi, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoa silinda ya kwanza, kisha ya pili, akaziweka mezani juu ya gazeti.

"Mto uko mita hamsini kutoka hapa," alisema Senija. "Kwa nini grisi?"

"Chuma kina kosa gani?" alisema Nurija. Kisha yakamtoka yote, na hayakuwa mazuri. "Miezi kumi na minne nimemwambia Zaim hazipo tena duniani. Nilijua zipo. Ćamil alinunua jozi ya mwisho nami niko dukani, nikakosa. Kila kitu alipata yeye. Mwalimu wetu alimsifu yeye. Wewe, Mevlida, nilikuletea maua, ukaolewa na yeye. Sawa, nikanyamaza, miaka arobaini. Kafa, nikasema sasa nimebaki mimi fundi. Halafu Zaim anakuja na sanduku, anacheka, anasema tazama, Ćamil kaniokoa. Lori langu. Nimelilea miaka thelathini kwa mikono hii, na sasa kila likisimama litakuwa linasimama kwa Ćamil. Hata amekufa ananishinda. Sikuweza."

Bi Mevlida alizitazama zile silinda, kisha akamtazama Nurija.

"Zaidi ya mmoja alikuja kuzitaka," alisema. "Ćamil hakuuza. Alisema hizi ni za Nurija, lori lile analolitengeneza litazihitaji siku moja, atakuja kuniomba. Kila vuli alizipaka grisi upya. Nikamwambia mpigie simu, akasema hapana, Nurija akipigiwa ataona namringishia, mwache aje mwenyewe. Amefariki anakungoja."

Nurija alikaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikalia Inspekta. Hakuna aliyemwonea huruma, ila labda Šefika, ambaye aliutambua ugonjwa ule kwa sababu na yeye alikuwa nao.

"Unafungua mashtaka?" Senija alimuuliza Zaim.

"Nani mwingine anaweza kuzifunga kabla ya kesho?"

"Hakuna," alisema Nurija.

"Basi azifunge."

Walifanya kazi mpaka magharibi, mmoja chini ya lori, mwingine kwenye pedeli. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, hakuna namna. "Kanyaga," alisema Nurija. "Nimekanyaga," alisema Zaim. "Shikilia. Achia." Hawakubadilishana neno jingine.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini lori lilipanda kwenye mashine ya kupimia. Nurija alikuwa amekuja, na spana mfukoni, kama kungekuwa na la kukaza. Hakukuwa na la kukaza. Lori la miaka yote hiyo lilisimama pale lilipoambiwa, magurudumu yote sawa, na mkaguzi, kijana mgeni kutoka wilaya nyingine, akasema kazi kama hii hajawahi kuiona. Nurija alinyoosha ukosi wa shati lake.

"Jina la fundi?" aliuliza mkaguzi, kalamu juu ya fomu.

"Andika Ćamil," alisema Zaim. Akachukua funguo zake, akaenda kupanda lori.

Mkaguzi aliinama, kisha akasita, akamgeukia mzee aliyebaki mbele yake.

"Ni Ć laini, au Č nzito?"

Injini ya Zaim ilikuwa tayari inanguruma. Hapakuwa na mwingine wa kujibu.

"Laini," alisema Nurija.