Mita Zilizozidi Njiani

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na mama tulitembea kwenye njia ya kurukia ndege tukiokota mawe. Mama ndiye msimamizi wa kiwanja chetu cha ndege, na usidhani ni kiwanja cha kutisha: ni njia moja ya changarawe, kibanda cha ofisi, na soksi kubwa ya kuonyesha upepo unakoelekea. Lakini hata jiwe dogo likirushwa na gurudumu laweza kutoboa ndege. Mama aliinama na kuokota, mimi nikirukaruka mbele yake. Ndiyo maana wananiita Kiroboto.

Ndege zilizotua kwetu zilikuwa za watu watano au sita. Mwezi ule ikaja habari kwamba kampuni moja inataka kuleta ndege ya abiria kumi na tisa, kila Jumamosi. Jamani, nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika! Baba yangu ni muuguzi katika mji wa mbali. Kwa barabara ni safari ya siku mbili, nasi tulimwona mara mbili tu kwa mwaka. Kwa ndege ni saa moja.

"Tulia, Kiroboto," mama alisema. "Ndege hiyo inataka njia ngumu, isiyo na mashimo, yenye urefu wa mita elfu moja na mia mbili. Kampuni inasubiri vipimo vyetu."

"Mama, niache nipime mimi!"

"Haya. Lakini haraka haraka haina baraka."

Akanipa gurudumu la kupimia, lenye mpini mrefu na kihesabio kinachoongeza namba kila mita. Nikaondoka mbio. Katikati ya njia upepo ukaipeperusha kofia yangu. Nikarudi nyuma kuifuata, gurudumu likizunguka mkononi, nikaivaa, nikaendelea hadi mwisho. Kihesabio kikasoma 1,212. Mama akaandika, akatuma.

Jioni baba akapiga simu. "Kampuni imekubali, nami nimeshakata tiketi! Ndege ya kwanza, nimo!"

Mama alicheza jikoni, mwiko mkononi. Mimi sikucheza, maana ndipo nilipokumbuka kofia. Gurudumu lile halijui kwenda wala kurudi. Likizunguka, linaongeza tu.

"Mama," nikauliza, "ndege ikikosa mita chache, si rubani atakanyaga breki zaidi?"

"Siku ya jua, labda. Siku ya mvua changarawe inateleza. Rubani hana futi ya kupimia huko juu, mwanangu. Anaiamini karatasi yetu."

Nikisema, ndege haiji. Nikinyamaza, baba yumo ndani yake. Nikasema yote kwa pumzi moja.

Mama aliweka mwiko chini. "Vaa viatu," alisema. Tukapima upya wakati bado kuna mwanga, polepole, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Mita 1,176! Mama aliipigia kampuni simu palepale, na safari ikaahirishwa. Nililia kweli, sikuona haya.

Kesho yake fundi wa trekta, anayekata nyasi za kiwanja, alinikuta nimenuna. Mtu yule kwa utani hajambo.

"Kiroboto gani huyu asiyeruka? Unazionaje zile nyasi za mwisho?"

"Ni nyasi tu."

"Nyasi tu! Chini yake kuna njia. Niliishindilia mwenyewe nikiwa kijana. Tuliiacha kwa sababu ndege ndogo hazikuihitaji."

Nilimkimbilia mama hata kabla fundi hajamaliza. Wiki mbili majirani walikuja na mapanga, majembe na vicheko, wakafyeka na kung'oa mizizi, fundi akishindilia nyuma yao. Kisha mkaguzi wa viwanja vya ndege akaja, akachomachoma ardhi kwa nondo, akapima mwenyewe. Mita 1,231.

"Inafaa," alisema, na watu wote wakapiga vigelegele.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa ikinyunya. Ndege ilitua, ikapita ofisi, ikazidi kwenda, nami nikamshika mama mkono kwa nguvu. Ilisimama kwenye kile kipande kipya, salama salimini. Rubani, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, alishuka akijifuta mikono.

"Leo nimezitumia mita zenu vizuri," alisema. "Nani alipima?"

"Mkaguzi," mama akajibu. "Lakini huyu ndiye aliyesema kwamba tulikosea."

Rubani akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. "Binti, kukosea hesabu ni jambo la kawaida, hata mimi hukosea. Kosa likisemwa mapema, watu hulirekebisha kwa jembe na panga. Likifichwa, huja kuwaumiza wasio na habari. Usiache kusema."

Nilitaka kumjibu kwa heshima, lakini baba alikuwa ameshashuka na kuninyanyua, na miguu yangu haikugusa changarawe mpaka tulipofika ofisini.